Habari za Matuta ya Ukambani na Watu Wetu Walioyachimba



Kamati ya mkutano wetu ilinitaka niandike, kwa ajili ya kijitabu hiki, jambo la historia litakalowafaa wakubwa na watoto. Katika vijitabu vilivyotangulia tumesoma nasaba zetu, na tumesoma safari za wazee walioteremka pwani wakalowea huko. Safari hii nimeona niandike juu ya kitu ambacho karibu sote tumekikanyaga na wachache tumekitazama, nacho ni matuta ya shamba la Mbooni. Sababu ninayo. Katika ajenda ya Jumapili limo swali la shamba hilo, kama liuzwe, ligawanywe au litengenezwe, na sioni kuwa ni haki kulijibu swali hilo pasipo kujua shamba lenyewe limefikaje hapo lilipo. Naandika kwa Kiswahili kama ilivyo desturi yetu, kwani Kikamba hakimo tena katika vinywa vya matawi yote, na Kiingereza hakitufikishi kwa shangazi zetu wa Tanga.

Nianze na nchi yenyewe. Milima ya Ukambani, yaani Mbooni, Kilungu, Iveti na mingineyo, ina miteremko mikali na udongo mwekundu usioshikana. Mvua huja misimu miwili, na kinyume cha walivyozoea watu wa pwani, ile ya vuli ndiyo inayotegemewa zaidi kuliko masika. Tena haiji kwa upole. Hunyesha kwa pupa siku chache, kisha hukatika. Maji yasipozuiwa hukimbia na udongo hadi bondeni, na anayesimama kando ya mto wakati huo huona shamba la jirani yake likipita.

Wazee wa kale walilijua hilo, na dawa yao ilikuwa nafasi. Shamba likichoka liliachwa, na ng'ombe walipelekwa mbali mbugani mpaka majani ya nyumbani yaote tena. Dawa hiyo ilivunjwa na mpaka. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, serikali ya kikoloni ilipochora mistari ya hifadhi ya Wakamba, vilima vya Mua viliangukia mikononi mwa walowezi wa Kizungu, na uwanda wa Yatta, uliokuwa malisho, ukafanywa ardhi ya Serikali. Watu waliendelea kuzaana ndani ya mstari, na ng'ombe vilevile. Zikaja nzige na ukame wa mwishoni mwa miaka ya ishirini na katikati ya miaka ya thelathini, na milima ikabaki uchi.

Mwaka 1937 Bwana Colin Maher, mtaalamu wa Idara ya Kilimo aliyeshughulikia hifadhi ya udongo nchini Kenya, aliandika ripoti juu ya Machakos. Aliyoyaona yalimtisha. Kwa maneno yake, watu wa huko walikuwa wakielekea kwenye umaskini usio na matumaini, na ardhi yao kwenye jangwa la mawe na mchanga. Siwezi kusema kwamba alidanganya, kwani picha zilizopigwa Machakos mwaka huohuo zipo, na zinaonyesha makorongo mahali penye migomba leo. Lakini katika kuitafuta sababu, serikali ilichagua kumtazama ng'ombe wa Mkamba, wala haikuutazama mpaka.

Hivyo mwaka 1938 ikatolewa amri ya kupunguza mifugo kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa mnadani kwa bei ya kutupa, na haikuwa siri kwamba kampuni ya Liebig, iliyokuwa imetoka kujenga kiwanda cha nyama Athi River, ilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Watu wakajikusanya katika chama kilichoitwa Ukamba Members Association, na kiongozi wao akawa Samuel Muindi Mbingu. Mwishoni mwa Julai mwaka huo, watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kwa miguu kutoka Machakos hadi Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo sitini, wakaomba kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Hawakupewa nafasi hiyo. Nao hawakuondoka. Walikaa Nairobi kwa muda wa wiki kadhaa, kimya, bila ghasia, wakila walichokibeba na walichopewa na watu wa mji. Baba yake Babu alikuwa miongoni mwao, na hadithi aliyoiacha ni fupi mno: kwamba usiku wa Nairobi ulikuwa na baridi, na kwamba hakuna aliyeiba kitu.

Hapa ndipo London inapoingia katika habari zetu, miaka mingi kabla ya yeyote kati yetu kuja kupanga chumba Stratford au Tottenham. Jomo Kenyatta alikuwa akiishi hapa, akisoma chini ya Profesa Malinowski, na mwaka huohuo wa 1938 kitabu chake juu ya Wakikuyu kilichapishwa. Alilipeleka jambo la ng'ombe wa Wakamba kwenye magazeti ya Uingereza, na maswali yakaulizwa Bungeni Westminster. Anayetaka kuona barua walizoandikiana wakubwa wa Nairobi na wa London miaka ile, na aende Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew, ambayo tulipofika hapa ilikuwa bado ikiitwa Public Record Office, aombe majalada ya Kenya yenye alama CO 533. Kuingia ni bure, na watoto wetu walio katika vyuo vya hapa hawana udhuru.

Serikali ilimkamata Muindi Mbingu ikampeleka uhamishoni Lamu, lakini amri ya ng'ombe nayo ikaachwa kabla ya mwaka kwisha. Wanahistoria hutaja sababu zaidi ya moja. Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, na vita vikubwa vilikuwa vinanukia Ulaya, kwa hiyo haikuwa busara kuwaudhi askari. Ninyi mliopita mtaa wa Muindi Mbingu mjini Nairobi, karibu na Soko la Jiji, sasa mnajua ni nani yule.

Baada ya vita serikali ilirudi na fedha na mpango wa miaka kumi, ulioanza mwaka 1946, na Machakos ikapata fungu kubwa. Safari hii adui alikuwa mteremko. Watu walitakiwa kuchimba makinga maji kwa amri, asubuhi kadhaa za kila juma, chini ya jicho la machifu na manyapara. Marehemu Susu, ambaye wakati huo alikuwa bibi harusi mpya Mbooni, alichimba miaka ile. Alikuwa akisema kwamba kazi yenyewe haikuwa ngeni kwake; kilichomchoma ni kuchimba mahali asipopachagua, kwa kipimo asichoelezwa, huku shamba lake likingoja palizi.

Tena sehemu kubwa ya kazi ile ya amri haikudumu. Nieleze kwa nini, maana katika jambo hili ufundi na siasa havitengani. Mfereji mwembamba ulichimbwa kukata mteremko, na udongo uliotoka ukatupwa upande wa chini. Ni kazi nyepesi, kwani udongo hushuka wenyewe. Lakini mfereji ule hujaa matope upesi, na ukishajaa, mvua moja kubwa huupasua, na maji yaliyokusanyika yote hutoka kwa tundu moja. Korongo linalozaliwa hapo huwa baya kuliko lile lililokuwa likizuiwa.

Njia ya pili ni kuutupa udongo juu. Mfereji wa upana na kina cha sentimita sitini hivi huchimbwa kufuata usawa wa kilima, na kila beleshi la udongo hutupwa upande wa mlimani, likawa tuta. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Ila baada ya hapo maji yenyewe huwa kibarua: kila mvua huuteremsha udongo wa shamba hadi kwenye tuta, ukajikusanya hapo, na baada ya misimu kadhaa mteremko hugeuka ngazi. Juu ya tuta hupandwa majani ya kulisha ng'ombe, ambayo mizizi yake hulishikilia, na mferejini, penye unyevu, hupandwa ndizi au mipapai. Usawa hupimwa kwa uzi na pima maji ileile ya waashi, watu watatu wakitosha.

Njia hiyo dunia nzima inaiita kwa jina la Kiswahili: fanya juu. Na ile nyingine ni fanya chini. Utayakuta maneno haya bila tafsiri katika vitabu vya Kiingereza vya kilimo, na Ethiopia wanayatumia. Ndugu zetu wa Mombasa huniambia kwamba si Kiswahili safi, kwamba Mswahili angesema “tupa juu”, na wanasema kweli. Ni Kiswahili cha nyapara, cha amri fupi inayotolewa na mtu aliyesimama kwa mtu aliyeinama. Hata hivyo, katika lugha zote zinazosomewa uhandisi wa udongo, neno letu ndilo lililobaki, na mimi binafsi nimemsamehe nyapara sarufi yake.

Mabadiliko ya kweli yalikuja katika miaka ya hamsini, na kwa maoni yangu jina lake ni mwethya. Kwa watoto waliozaliwa huku: mwethya ni desturi ya Kikamba ya majirani kusaidiana kazi. Mwenye haja, wa kujenga nyumba au kuvuna, huwaita wenzake, huwalisha, na siku yao ikifika naye huitika. Ni ndugu wa ujima wa Tanzania, na harambee ya Kenya iliota katika udongo wa namna hiyo. Katika miaka ya amri, serikali ililichukua jina hilo ikalivika kazi ya lazima, na watu wakalichukia. Miaka ya hamsini maafisa wa maendeleo ya jamii walirudi nyuma hatua moja: vikundi vikaachwa vichague viongozi wao wenyewe, na vifanye kazi katika mashamba ya wanachama kwa zamu. Palikuwa na hesabu ya kisiasa pia, kwani hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952, na serikali haikutaka Ukambani nako kuwake moto. Lakini jembe halijui hesabu hiyo. Matuta yakaongezeka kwa kasi isiyopata kuonekana katika miaka ya amri.

Waliochimba walikuwa wanawake kwa wingi. Waume walikuwa jeshini, relini, bandarini Mombasa, majumbani mwa watu Nairobi. Susu alichaguliwa kuongoza kikundi chake, na wanachama walikuwa na wimbo wa kila hatua, wa kupima, wa kuchimba na wa kutupa. Sitauandika hapa kwa kuwa shangazi yetu mkubwa anaujua wote na ameahidi kuuimba Jumamosi. Sababu ya matuta yetu kupinda kidogo upande wa mashariki, mtakaokwenda mtaona, ni kwamba kikundi kilikataa kuung'oa mti wa mkuyu ambao serikali haikuwa na habari nao.

Na palikuwa na kitu cha kupanda juu ya ngazi zile. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika wengi zaidi mlango wa kulima kahawa, zao ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kama mali ya walowezi, na huko Machakos aliyetaka kupanda kahawa katika mteremko alitakiwa kwanza awe na matuta. Hapo tuta lilianza kulipa. Baba zetu wengi walisomeshwa na kahawa ya ngazi tano za juu, na kahawa ilipopanda bei sana miaka ya 1976 na 1977, ndipo tiketi ya kwanza ya ndege ya kuja London ilipokatwa katika ukoo huu.

Uhuru ulipokuja, watu wengi walipumzika. Tuta lilinuka ukoloni, na mahali pengine liliachwa libomoke. Lakini halikusahauliwa. Watu walirudi kuchimba polepole, bila kuamrishwa, kwa sababu shamba lenye ngazi lilivuna mwaka ambao la jirani lilikauka. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo mwaka 1974 kwa msaada wa Sweden, na kuanzia 1978 Jumuiya ya Ulaya iligharimia mpango wa maendeleo wa Machakos kwa miaka kumi. Misaada hiyo ilifaa kwa majembe na mafunzo. Ila sehemu kubwa ya kazi ilikwisha kuanzwa na wenyewe.

Mwaka 1994 kilitoka kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni sawa na kusema “watu wengi zaidi, mmomonyoko kidogo zaidi”. Waandishi ni Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, na utafiti ulifanywa na taasisi ya hapa London, Overseas Development Institute, ambayo wakati huo ilikuwa na ofisi zake Regent's Park, pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi. Walizichukua zile picha za mwaka 1937 wakarudi kupiga nyingine mahali palepale. Wilaya iliyokuwa na watu wapatao 238,000 mwaka 1932 ilikuwa na watu wapatao 1,393,000 mwaka 1989, na badala ya jangwa alilolitabiri Bwana Maher, picha mpya zilionyesha miti mingi zaidi na milima iliyokatwa ngazi. Kitabu kile kilizua mabishano makubwa. Wengine walisema, na hoja yao ina uzito, kwamba Machakos ina bahati ya kuwa karibu na Nairobi, na kwamba waliofaidika zaidi ni waliokuwa na mshahara wa mjini. Wasio na mtu wa kuwatumia fedha walibaki nyuma, wengine wakauza ardhi.

Nawaomba tuitazame hoja hiyo kwa makini, kwa kuwa inatuhusu. Fedha za matuta yetu zilitoka wapi? Kahawa, ndiyo. Lakini pia bahasha zilizotoka bandarini Mombasa kila mwisho wa mwezi. Baba mkubwa alikuwa akiandika katika kila barua kiasi gani ni cha ada, kiasi gani ni cha shamba, na Susu aliyaweka mafungu hayo mbalimbali. Sisi wa London tumetuma zaidi ya alivyotuma yeye. Tumejenga nyumba ya mawe, tumezika watu wetu kwa heshima, tumelipa hospitali. Katika daftari la mweka hazina, ambalo kamati iliniruhusu kulipitia, sioni fungu la shamba tangu mwaka 1998.

Mwaka huo si wa bahati mbaya. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliyapasua matuta mengi Ukambani, na yetu pia. Tulituma fedha za dharura, yakazibwa manne ya juu, kisha basi. Yale ya chini yaliachwa, na korongo limeanza kupanda kutoka mtoni.

Mto wenyewe una habari zake. Ni mto wa msimu, wenye mchanga mwingi na maji ya siku chache. Huko nyuma watu walichimba visima mchangani. Tangu miaka ya 1970 vikundi vya kujitegemea vya Ukambani, kile cha Utooni kilichoanzishwa na Joshua Mukusya mwaka 1978 kikiwa mashuhuri kuliko vyote, vimejenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji unaosimamishwa juu ya mwamba, ukikata mto, mpaka mchanga ujae nyuma yake. Maji hujificha ndani ya mchanga, jua lisiyafikie, na watu hupata maji miezi mingi baada ya mvua kukatika. Lakini bwawa la mchanga huhitaji matuta huko juu, la sivyo mto huleta matope badala ya mchanga, na matope hayaachii maji. Shamba letu liko juu ya bwawa la namna hiyo. Majirani zetu walilijenga kwa mikono yao, na matope yanayolijaza yanatoka, kwa sehemu, kwetu.

Upande wa pili wa mto huohuo hupita malori. Nairobi inajengwa kwa mchanga wa Ukambani, na biashara hiyo imeleta fedha, ugomvi na hata vifo. Kaunti ya Makueni, ambamo Mbooni imo, ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Mnunuzi aliyetuandikia kuhusu kipande cha chini, kinachopakana na mto, hakusema anakitakia nini. Bei aliyotaja ni kubwa kuliko ya shamba la mahindi.

Najua kwamba wapo miongoni mwetu wanaohitaji fedha, na hati bado ina jina la Babu, na kila mmoja ana haki ya kuuliza fungu lake. Sikatai. Ninalopinga ni kugawa kwa mistari inayoshuka kutoka mlimani hadi mtoni, kama ilivyopendekezwa, ili kila mtu apate kipande cha maji. Mistari hiyo ingekata kila tuta vipande tisa, na tuta ni moja: mwenye kipande kimoja akilala, maji hutokea kwake na kumharibia wa chini yake. Kama ni lazima tugawe, tugawe kwa ngazi, na anayepata ngazi ya chini aongezewe upana.

Binamu zetu walioko nyumbani wametembea shamba zima na pima maji wakaniletea hesabu. Matuta ni kumi na saba. Kumi yanasimama, mawili yanavuja, matano ya chini yamepasuka. Kikundi cha mwethya cha hapo kiko tayari kuyafanya kwa zamu, kikiongozwa na mjukuu wa mwanamke aliyekuwa akichimba ubavuni mwa Susu, kwa sharti kwamba nasi tutoe mtu au ujira wa kibarua kila zamu itakapofika kwa wengine, maana fedha za kutuma mara moja hawazitaki. Wangependa jibu kabla ya mvua za Novemba. Mchoro wa shamba nimeubandika ukutani karibu na meza ya chai. Yaliyopasuka yamewekwa wino mwekundu.